Daftari la Fundi

Jumatatu ile nilikuta kufuli geni mlangoni. Mlango ulikuwa uleule wa bati uliopakwa rangi ya bluu, na maandishi ya mkono yalikuwa yaleyale: FUNDI REDIO, TV, SABUFA, PASI. Ila kufuli halikuwa la fundi. La kwake lilikuwa dogo, limechakaa kiasi kwamba ukilivuta kwa nguvu linafunguka. Hili lilikuwa kubwa, jipya, la mtu asiyetaka utani.

Pembeni alikuwepo mama anayeuza vitumbua kila asubuhi.

"Shikamoo mama. Fundi hajafungua leo?"

"Marahaba mwanangu. Leo?" Akageuza kitumbua kwanza. "Fundi ana wiki mbili hajaonekana. Aliondoka usiku. Kufuli hilo ni la mwenye fremu."

Ndani ya fremu ile kulikuwa na redio ya baba.

Baba anaishi Inyonga, anafuga nyuki. Redio yake ni ya kaseti, ingawa sehemu ya kaseti ilikufa zamani na kimebaki kidirisha kinachokusanya vumbi. Aliinunua kabla sijazaliwa. Kwa mtu mwenye simu janja, kile ni chuma chakavu. Kwa baba ni saa, ni kalenda, na tangu mama afariki ni mwenzake wa jioni. Ilipozimika, aliifunga kwenye kanga, akampa kondakta wa basi la kuja Mpanda, kisha akanipigia simu. "Nimekutumia redio. Itafutie fundi mwaminifu."

Hakusema fundi hodari. Alisema mwaminifu. Wakati ule sikulisikia neno hilo, kama tusivyosikia maneno mengi ya wazazi wetu mpaka yanapogeuka kuwa ushahidi.

Mpanda haikosi kazi za mafundi wa aina hii. Kwa miaka mingi mji wetu ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa, ukiendeshwa kwa mashine za dizeli, na umeme unaokatika bila kuaga na kurudi kwa kishindo unaua vifaa kuliko uzee. Ukipita Majengo, Kashaulili au Makanyagio, utawaona mafundi wamekaa katikati ya maiti za televisheni, kila mmoja na kipande chake cha waya wa risasi. Fundi wangu alikuwa na utani wake. Aliniambia siku nilipompelekea redio: "Mwalimu, mji huu ulijengwa kwa risasi, na mimi nakula kwa risasi."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Reli ya kutoka Kaliua, inayotuunganisha na Tabora na nchi nzima, ilifikishwa hapa mnamo mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, ikaanza kubeba mahindi, mpunga na watu. Na risasi ikabaki kwa mafundi redio, nyuzi nyembamba zinazoyeyuka na kuunganisha kilichokatika.

Basi nilisimama mbele ya kufuli na sentensi moja kichwani: nimeibiwa.

*

Hatukuwa wachache. Mama wa vitumbua ndiye aliyekuwa akipokea malalamiko yote, akachoka, akaanza kuandika majina kwenye kipande cha boksi. Kulikuwa na kijana mwenye sabufa, dada mwenye saluni aliyeacha mashine mbili za kukaushia nywele, muuza chipsi mwenye jokofu dogo, na mzee kutoka Katumba aliyeleta televisheni ya kanisa. Mwenyekiti wa mtaa akasema tukutane Jumamosi, mwenye fremu naye aitwe, mlango ufunguliwe mbele ya mashahidi.

Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi nilikuwa na siku tano za hasira, na hasira ya mtu aliyesoma hutafuta vitabu.

Kiswahili kimetupa neno la kitu tunachokiacha mikononi mwa mwingine kikiwa bado chetu: amana. Si zawadi, kwa kuwa sikukupa. Si mkopo, kwa kuwa hukukiomba ukitumie. Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu pamoja na ndugu zake: amani, imani, kuamini, uaminifu. Mzizi ni mmoja. Ukiacha pasi yako kwa fundi na kwenda kulala usingizi, umegusa yote matano kwa mkupuo.

Plato anaanza kitabu chake cha Jamhuri na swali hilihili. Mzee Kefalo anaulizwa haki ni nini, na jibu linalotolewa ni rahisi: kusema kweli na kurudisha ulichopokea. Sokrate anamtega hapohapo. Je, rafiki yako akikuachia silaha akiwa na akili timamu, akaja kuidai akiwa amerukwa na akili, utamrudishia? Mzee anakubali kwamba hapana, kisha anaondoka kwenda kutoa sadaka, na kitabu kizima kinaendelea bila yeye. Nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi mfano huu kwa kujifurahisha. Wiki ile niliona kwamba Sokrate hakuuliza swali langu: itakuwaje kama aliyeichukua silaha ndiye aliyetoweka?

Nikakumbuka kisa ambacho kila mtoto aliyepita madrasa anakijua. Mwaka 622 Mtume Muhammad alilazimika kuondoka Makka usiku, kwa siri, maisha yake yakiwa hatarini. Watu wa Makka, wakiwemo wasioikubali dini yake, walikuwa wamemwachia mali zao azitunze, maana hata kabla ya utume walimwita Mwaminifu. Hakuondoka nazo, wala hakuziacha zijitafutie wenyewe. Alimwacha Ali bin Abi Talib nyuma azirudishe kwa kila mwenye chake, ndipo naye afuate.

Kisa hicho kilinipa hukumu niliyoitaka. Kuondoka usiku si kosa; mtu anaweza kuwa na sababu zake. Kosa ni kuondoka bila kumwacha Ali. Fundi wangu alipaswa kumpa mtu ufunguo, hata kama ni mama wa vitumbua. Nilikwenda Jumamosi nikiwa na hukumu yangu mfukoni, imekunjwa vizuri.

*

Tulikuwa watu kumi na wanane tulipofika. Mwenye fremu alikuja mwisho, mama wa makamo, ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga. Hakuwa na uso wa mtu anayefurahia mali ya bure.

"Jamani, shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Mimi sina kitu chenu. Nilifunga ili vitu visiibwe. Fundi ana miezi mitatu hajanilipa kodi, elfu sabini kila mwezi. Kwa hiyo na mimi nadai, kama ninyi."

Wakati mwenyekiti akitafuta kalamu, mzee wa Katumba alikuwa amekaa kwenye jiwe kando yangu. Nilimwambia maneno ambayo kila mtu alikuwa akiyasema asubuhi ile: fundi katukimbia. Alinyamaza kidogo.

"Mwalimu, sisi tulitoka Burundi mwaka 72, mimi mtoto. Tulitoka usiku. Baba alimwachia jirani ng'ombe wawili. Baba amefia hapa hapa Katumba, na mpaka anakufa alikuwa akijiuliza yule jirani alitukimbia au sisi ndio tuliomkimbia."

Wageni wa mkoa wetu huenda wasijue uzito wa maneno hayo. Katumba ilianzishwa mwaka 1973, Mishamo mwaka 1978, kwa ajili ya waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walikaa hapa miongo kadhaa. Kuanzia mwaka 2008 baadhi walirudi kwao, wakakuta mashamba waliyoyaacha yanalimwa na watu wengine waliozaliwa humo humo, na mabaraza yakajaa kesi za nani ni mwenye chake. Wengi zaidi walichagua kubaki, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wakaanza kupewa hati za uraia wa Tanzania. Kwa hiyo katika Katavi swali la kilichoachwa nyuma ghafla si la darasani. Watu wanaishi nalo, na wengi wameshajifunza kwamba mwenye kuondoka na mwenye kubaki husimulia hadithi mbili tofauti kuhusu usiku uleule.

Mlango ukafunguliwa.

Nilitegemea fujo. Nilitegemea vitu vimebebwa, masanduku matupu, waya zinaning'inia. Chumba kilikuwa safi. Vifaa vimepangwa ukutani kwa mistari, kila kimoja na kipande cha plasta nyeupe yenye namba. Jokofu la muuza chipsi limefunikwa kwa gunia. Redio ya baba ilikuwa rafu ya pili, namba 41, imefungwa kwenye kanga yake ileile. Kilichokosekana ni vitu vya fundi mwenyewe: mkoba wa vifaa vyake, redio yake ndogo, na picha ya mtoto iliyokuwa imebandikwa juu ya meza.

Kwenye msumari, karibu na mlango, mahali ambapo hata kipofu angepagusa, lilining'inia daftari.

Mwenyekiti akalishusha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali yetu ilikuwa na daftari lililonyooka kuliko baadhi ya madaftari ya maandalio ya somo niliyoyaona. Safu sita zilizopigwa kwa rula: namba, jina, kifaa, ubovu, bei, na safu ya mwisho iliyoandikwa SIMU. Mwenyekiti akaanza kuita. Ukiitwa, unataja kifaa chako na ubovu wake. Vikilingana na daftari, unasaini, unachukua. Hakuna aliyehitaji kuapa. Kijana wa sabufa alijaribu kutaja sabufa kubwa kuliko yake, na daftari likamuumbua mbele ya watu wote.

Ikafika 41.

"Mwalimu. Redio ya kaseti, haiwaki. Elfu kumi na nane. Tayari." Mwenyekiti akasogeza daftari karibu na macho. "Hapa kwenye safu ya simu kuna alama tatu za vema. Maana yake nini?"

Nilijua maana yake. Kila mtu chumbani alijua, maana kila mmoja alikuwa na alama zake.

*

Fundi alinipigia mara ya kwanza wiki moja tu baada ya kumpelekea redio. "Mwalimu, imepona, inaimba." Nikamwambia mwisho wa mwezi. Mara ya pili nikamwambia nipo darasani, nitampigia; sikumpigia. Mara ya tatu niliiangalia simu ikiita mpaka ikakoma.

Fedha nilikuwa nazo. Mwezi ule nilitoa elfu hamsini mchango wa harusi ya mtu ninayemfahamu kwa sura tu, kwa sababu kamati ilikuwa ikitangaza kwenye kundi majina ya ambao bado. Kamati ilijua kutia aibu. Fundi alijua kuweka vema tu, kwa kalamu ya bluu, kwenye daftari ambalo hakuna aliyelisoma.

Yule dada wa saluni ana mkono mwepesi wa hesabu. Alilichukua daftari, akajumlisha vifaa vyote vilivyoandikwa TAYARI ambavyo wenyewe hawakuja. Vilikuwa ishirini na saba. Jumla ilikuwa shilingi 412,000.

Mwenye fremu naye akajumlisha kwa sauti: miezi mitatu mara elfu sabini, 210,000.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Nje bajaji ilipita ikipiga honi.

Tulikuwa tumesema wiki nzima kwamba duka limefungwa ghafla. Neno ghafla lilikuwa letu, si la fundi. Kwake duka lilikuwa likifungwa tangu Februari, kifaa baada ya kifaa, kila mmoja wetu akisukuma mlango kidogo. Alinunua kapasita na transfoma kwa fedha yake, akachoma risasi yake, akalipia umeme, akapiga simu kwa salio lake, kisha akakaa na mali ya watu waliosema mwisho wa mwezi. Kumi na minane kati yetu tulikuja siku ile kwa sababu tuliogopa kupoteza vitu. Hakuna hata mmoja aliyekuja mapema kwa sababu aliogopa fundi kupoteza kodi.

Sheria ya nchi inalijua jambo hili vizuri kuliko tulivyolijua sisi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo inafuata mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872, inamtaka anayepokea mali ya mtu kwa ajili ya kazi aitunze kama mwenye busara anavyotunza yake, na airudishe kazi ikiisha. Hapo ni upande wetu. Lakini sheria hiyohiyo inampa fundi aliyeweka jasho na ujuzi wake kwenye kitu haki ya kukishikilia mpaka alipwe. Kwa hiyo asubuhi ile, kisheria, mikono yangu ilikuwa ikinyooshwa kuchukua kitu changu ambacho sikuwa na haki ya kuondoka nacho bado.

Mjadala ukaanza. Mwenye fremu alisema kila mmoja alipe bei yake kwake, ipunguze kodi. Kijana wa sabufa akaruka: "Fundi mwenyewe hayupo, tunamlipa nani? Katusumbua wiki mbili, hiyo ndiyo malipo yake." Wengine wakaitikia. Mwenyekiti, mtu wa kura, akasema asiye na fedha leo asizuiwe kitu chake, ila mwenye kuguswa alipe. Waliolipa walikuwa wanne: dada wa saluni, mzee wa Katumba, muuza chipsi, na mwanafunzi mmoja aliyetoa elfu tatu za simu yake zikiwa sarafu.

Nilisema sina fedha taslimu. Ilikuwa kweli. Zilikuwa kwenye simu.

Nikasaini, nikabeba redio, nikatoka.

*

Nilimtumia baba redio kwa basi la kesho yake. Jioni akanipigia, na nyuma ya sauti yake niliisikia redio yenyewe, mtangazaji akisoma habari.

"Inaongea vizuri mwanangu. Na huyu fundi ni mtu. Nimefungua mahali pa betri nimekuta kile kidude kilichoungua, amekifunga kwenye nailoni na gundi, nione kwamba kweli alibadilisha. Umemlipa?"

"Baba, alifunga duka. Ametoroka usiku."

"Sikukuuliza duka."

Baba hutundika mizinga yake msituni, mbali, mahali anapofika mara chache kwa mwaka. Hakuna mlinzi. Kila mzinga una alama aliyoichonga kwa mkono wake, na mtu mwingine akiukuta juu ya mti anaijua alama na anaendelea na safari. Miaka yote hiyo asali yake imelindwa na watu ambao hawakuwepo, dhidi ya watu ambao hakuna aliyewaona. Kwa mtu aliyeishi hivyo, mwenyewe kutokuwepo hakubadilishi chochote kuhusu kitu ni cha nani. Kwake hilo si falsafa.

Lakini falsafa ilifika hapo pia. Mwaka 1788, Immanuel Kant alitoa mfano ambao ungeweza kuandikwa Mpanda. Nina mali ya mtu mikononi mwangu. Mwenyewe amekufa, na hakuacha maandishi yoyote. Je, ninaweza kuifanya kanuni kwamba kila mtu anaruhusiwa kukana amana ambayo hakuna anayeweza kuithibitisha? Kant anasema kanuni hiyo ingejiua yenyewe: ingekuwa sheria ya wote, hakuna ambaye angeacha amana popote, na amana ingekoma kuwepo duniani.

Nilikuwa nimeusoma mfano huo nikijiweka upande wa mwenye mali, yule anayestahili kurudishiwa. Baada ya simu ya baba nikaona nimekaa kiti cha pili. Redio nimekwisha kurudishiwa. Elfu kumi na nane, ambazo si zangu tangu siku fundi alipoandika TAYARI, zilikuwa kwenye simu yangu. Mwenyewe hayupo. Nilikuwa nimezunguka wiki nzima nikimtafuta mtu aliyeondoka na mali yangu, kumbe yake ndiyo ilikuwa inatembea nami.

Simtetei kwa kila kitu. Alipaswa kusema. Baba angeweza kuipoteza redio yake kama mwenye fremu angekuwa mtu wa aina nyingine, na mwanamke yule amebaki na pengo la kodi ambalo hakulichimba. Umaskini unaeleza kwa nini mtu ameondoka usiku. Hauondoi haki ya walioamka asubuhi wakakuta kufuli. Hata hivyo ile hukumu niliyokwenda nayo Jumamosi, kwamba hakumwacha Ali, siwezi tena kuisema kwa sauti niliyoipanga. Mtu aliyepakia maisha yake usiku mmoja alikuwa na nafasi ya kubeba televisheni tatu na simu tisa, azijue bei zake Sumbawanga au Kigoma. Hakubeba hata pasi. Alifunika jokofu la mwenzake kwa gunia, akapachika daftari mahali litakapoonekana, akavuta mlango. Daftari lile lilifanya kazi ya Ali. Lilirudisha kila kitu kwa mwenyewe, na halikumsaliti hata kijana wa sabufa aliyejaribu kulisaliti. Kitu pekee ambacho lilishindwa kukirudisha ni haki ya aliyeliandika, kwa sababu hicho kilitutegemea sisi.

Ninaposoma vijana wenzangu wakilalamika mitandaoni kwamba mafundi wa Bongo si waaminifu, nakubaliana nao nusu. Nimewahi kudanganywa rangi ya suti, siku ya kabati, na bei ya tairi. Lakini uaminifu tunaouzungumzia daima ni wa anayepokea kitu. Hatuna hata msemo wa kumkemea anayekiacha. Tunamwachia fundi cherehani nguo iliyokwisha mpaka mwili umebadilika. Tunamwachia fundi viatu kiatu kimoja mpaka kingine kinapotea nyumbani. Tunaita hiyo kusahau. Kwa anayeishi kwa elfu nane nane, kusahau kwetu kwa miezi miwili kunatosha kumbadilishia kufuli.

*

Jumatano nilirudi. Swali lilikuwa nimlipe nani. Namba ya fundi haikupatikana. Kila mtu mtaani alikuwa na habari yake, huyu akisema yupo machimbo ya dhahabu, yule akisema mtoto wake anaumwa amempeleka hospitali ya mbali, na hakuna aliyekuwa na namba inayoita. Kumlipa mwenye fremu ni kumchagulia mtu mzima deni lipi alipe kwanza, na fedha ni yake, si yangu kuipangia. Kukaa nazo mpaka apatikane ni kuipa simu yangu nafasi ya kusahau mara ya nne. Nilijijua. Nikachagua lililo na shahidi.

Mwenye fremu alinikaribisha uani. Akalileta daftari, maana mwenyekiti alimwachia yeye. Tukaandika pamoja kwenye mstari wa 41: amelipa 18,000, imepokewa kwa mwenye fremu, ipunguze kodi ya fundi. Nikasaini, akasaini. Nikamtumia fundi ujumbe wa maneno hayohayo. Mpaka leo sijapata jibu, na sijui kama laini ile itawashwa tena.

Nilipokuwa natoka, aliniita.

"Mwalimu, njoo uone."

Kwenye kona ya chumba chake cha kulala, juu ya matofali, alikuwa amepanga vifaa tisa ambavyo wenyewe hawajatokea: simu, feni, king'amuzi, pasi mbili, televisheni yenye ufa. Plasta za namba bado zimo. Fremu imeshapata mpangaji mwingine, wakala wa fedha, kwa hiyo vimehamia kwake.

"Sivijui ni vya nani," alisema. "Namba zingine hazipokei. Nikiviuza nitaambiwa mwizi. Nikivitupa, mwenyewe atakuja kesho yake. Sasa mvua ikinyesha usiku naamka kuangalia bati kama linavuja." Akaivuta nailoni vizuri juu ya televisheni. "Ukikutana na watu huko shuleni, waambie waje wachukue vitu vyao."